Kusafiri Nje ya Nchi Baada ya Saratani
Kumaliza matibabu ya saratani hakumalizi hofu. Maumivu madogo ya mgongo, ambayo nyumbani yangepita bila kutajwa, ugenini humnyima msafiri usingizi. Hofu hiyo ni ya kawaida. Isivunje safari, bali iongoze maandalizi.

Onana na daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya kuondoka. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Haimfai mtu mwenye kinga dhaifu, na baada ya tibakemikali husubiriwa angalau miezi 3. Isipokufaa, omba cheti cha daktari kinachoeleza sababu.

Weka dawa katika mkoba wa mkononi, ndani ya vifungashio vyake, pamoja na muhtasari wa matibabu. Baadhi ya dawa, kama tamoksifeni, huongeza hatari ya damu kuganda mishipani; hivyo, ndani ya ndege, simama na utembee mara kwa mara. Wakati wa kiangazi cha Ulaya, Juni hadi Agosti, jua huchelewa kutua: funika ngozi iliyotibiwa kwa mionzi.

Kwa watoa huduma, kumwambia mgonjwa "usiwe na wasiwasi" hakutoshi. Mtajieni dalili za kumpeleka hospitali siku hiyohiyo: kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba, au homa ya nyuzi 38 kwa mwenye kinga dhaifu. Dalili ndogo aziandike daftarini. Zikidumu wiki 2, zichunguzwe. Anayeujua mpaka huo hatalazimika kujipima kila saa. Atapata nafasi ya kuifurahia safari yake.