Jinsi ninavyomfundisha Mvietnam "kupiga" hapa Bagamoyo

Ukimfundisha mgeni Kiswahili, siku si nyingi atakuuliza kwa nini sisi tunapiga kila kitu. Tunapiga simu, pasi, picha, deki, kura, hodi, magoti na miayo. Walimu wengi humjibu kwamba kupiga maana yake ni kuchapa, hayo mengine ni nahau, ayakariri tu. Jibu hilo linamchelewesha bure mwanafunzi yeyote, na Mvietnam linamchelewesha zaidi, kwa sababu kwao kuna kitenzi kinachofanana mno na hiki chetu.

Wavietnam si wageni tena nchini. Halotel, iliyoanza huduma mwaka 2015, ni ya kampuni ya Viettel ya Vietnam, na korosho ghafi zetu nyingi husafirishwa kwenda kubanguliwa huko. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili wa pwani hii ajiandae. Bagamoyo kufundisha wageni ni kazi ya zamani: wamisionari Wakatoliki walifika mwaka 1868, na mmoja wa mapadri wao, Mfaransa Charles Sacleux, aliandika kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ambayo hadi leo haijapitwa kwa utajiri wa maneno ya lahaja zetu.

Kitenzi cha Kivietnam ninachokisema ni đánh. Herufi yake ya kwanza hutamkwa kama d yetu ya "dada". Maana yake ya msingi ni kupiga kwa mkono au kwa kitu, lakini Mvietnam hukitumia pia kwa kupiga ngoma, kupiga mswaki, kupiga taipu, na zamani hata kwa kupeleka simu ya maandishi. Hapo ndipo ninapoanzia. Sianzi na ngumi wala kofi. Namwomba mwanafunzi aniandikie mambo kumi anayoyasema kwa đánh, kisha tunapita moja baada ya jingine kuona Mswahili angesemaje. Ile hofu ya "mbona kitenzi kimoja kina maana mia" humtoka papo hapo, maana anagundua kwamba amekuwa akiishi na kitenzi cha namna hiyo tangu utotoni.

Kisha namwonyesha tofauti, na hii ndiyo sehemu ninayoitilia mkazo kuliko zote. Đánh mara nyingi hufuatwa na kitu kinachotendwa. Mvietnam husema anapiga meno, anapiga viatu, anapiga samaki. Maana yake anasugua meno, anang'arisha viatu, anavua samaki. Kupiga kwetu mara nyingi hufuatwa na chombo, au na kile kinachotokea baada ya tendo. Mswaki ni chombo, pasi ni chombo, makasia ni chombo, simu ni chombo. Kelele, hodi, mluzi, kura na picha ni vitu vinavyotokea. Kile kinachotendwa, kikitajwa, hukaa katikati: piga nguo pasi, piga sakafu deki, piga viatu rangi, piga mnazi picha. Mwanafunzi akishika mpangilio huo wa kitenzi, kitendwa, chombo, anaweza kutunga mwenyewe sentensi ambazo hajawahi kuzisikia, na zikawa sahihi. Orodha ya nahau haimfikishi huko.

Kwa ajili hiyo daftari lake halianzi na kitenzi. Upande wa kushoto anaandika nomino, upande wa kulia anaandika kitenzi kinachoitaka. Mswaki: piga. Nanga: tia. Tanga: tweka. Mtego: tega.

Baada ya hapo tunatoka. Soko la samaki la ufukweni, karibu na jengo la forodha la Wajerumani, linafundisha kuliko ubao. Mashua zikiingia, samaki wanapigwa mnada, na mwanafunzi anasikia kitenzi kikitumika pasipo kofi wala fimbo. Neno hilo atalihitaji sana kama anashughulika na korosho, maana nazo hupigwa mnada. Lakini sokoni humo ndimo anamojifunza mipaka. Kivietnam kinatumia đánh kwa kuvua samaki na hata kwa kuondoa magamba. Sisi tunavua, na magamba tunayapaa. Akisema "wamepiga samaki", wavuvi wa hapa watafikiria baruti na mabomu, uvuvi haramu ulioharibu matumbawe mengi ya pwani hii. Ni bora aambiwe mapema.

Kutoka sokoni napenda kupita TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981. Hapo tofauti ya kupiga ngoma na kucheza ngoma huonekana kwa macho: mmoja ana mikono juu ya ngozi, mwingine ana njuga miguuni. Ala zote kwetu hupigwa, hata zumari na filimbi zinazopulizwa, jambo ambalo Mvietnam halitarajii. Karata na bao, ambavyo yeye angevitumilia đánh, sisi tunavicheza. Sina kanuni ya kumpa hapo. Namwambia wazi kwamba hili ni la kuzoea.

Zinabaki tamati za kitenzi, na hapa kuna hatari ya kweli. "Nipige" na "nipigie" zinatofautiana kwa irabu moja, na mtu anayetaka kuahidi simu akamwambia mama mwenye nyumba "nitakupiga" amejiletea balaa. Kivietnam hakiongezi viambishi kwenye kitenzi. Kinaweka neno la pembeni. Basi ninayafananisha. Pale anaposema cho, yaani "kwa ajili ya", Kiswahili huingiza i: pigia. Pale anaposema nhau, yaani wao kwa wao, Kiswahili huingiza an: pigana. Na pale anaposema cho nhau, tunapata zote mbili kwa mpangilio uleule: pigiana. Furaha ya mtu anapoliona hilo kwa mara ya kwanza ni kubwa, nami hufurahi naye kila mara.

Tendwa inahitaji uangalifu zaidi. Kivietnam kina neno bị kwa mtu aliyefikwa na baya na được kwa aliyepata jema. Kiswahili huingiza w tu. Bondia amepigwa, bibi harusi amepigwa picha, na kitenzi hakisemi nani ana bahati. Mwanafunzi asitafute huzuni ndani ya kila "pigwa".

Usisahau mkazo wa sauti. Husimama kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo huhama kila kitenzi kinaporefuka: pi-ga, pi-gi-a, pi-gi-a-na. Mtu aliyelelewa katika lugha ya toni kama Kivietnam huwa na sikio kali, lakini hukawia kuhamisha uzito huo. Mimi humfanya apige makofi kwenye silabi yenye mkazo huku tukitembea.

Maneno ya mtaani nayaweka mwisho kabisa. Stendi atawasikia wapigadebe, na dukani atasikia "nimepigwa", yaani nimeuziwa bei ya kulanguliwa. Kwenye magazeti atakuta "upigaji" na "wapigaji", na hao si mabondia. Ni watu waliokula fedha za umma au za ushirika. Akiyapata haya kabla hajaimarika ataanza kumwita mpiga picha "mpigaji", na fundi wa watu atakasirika. Nayafundisha pale tu anapoweza kunipigia simu mwenyewe, tukazungumza hadi salio likaisha, bila kuingiza neno hata moja la Kiingereza.