SOMO LA KAZI ZA MIKONO: Kupaka rangi shemine ya mawe katika saloni



Katika somo hili tunataka kusema juu ya kazi moja ambayo watu wanaiona ni ndogo, kumbe ikifanywa mbio inaharibu nyumba. Ni kazi ya kupaka rangi shemine ya mawe, ili saloni ya zamani ionekane mpya.

Mwingine atauliza: Shemine inatuhusu nini? Inatuhusu. Huku kwetu kwenye milima ya Kivu baridi iko. Maji ya Ziwa Kivu yenyewe yako karibu mita 1.460 juu ya bahari, na vijiji vingi viko juu zaidi. Ndiyo maana katika nyumba za zamani zilizojengwa wakati wa Wabeleji, Bukavu na penginepo, tunakuta shemine saloni. Wengi kati yetu tutakaa siku moja katika nyumba za namna hiyo, ao tutaitwa kuzitengeneza.

Mambo yaliyotupata

Sisi wa kikundi cha kazi za mikono tulipewa kazi ya kutengeneza saloni ya nyumba ya wageni. Shemine yake ilikuwa nyeusi kwa moshi, na chumba kizima kilikuwa giza sawa depo. Tulikata shauri siku ileile: kuleta rangi nyeupe, kupaka yote, kumaliza Jumamosi.

Mzee mlinzi wa nyumba alitutazama tukifungua kopo. Akasema: «Watoto, hii rangi mukiisha kuipaka, mutaitosha na nini?» Tulicheka. Lakini akaendelea: «Haya mawe mimi mwenyewe niliyabeba kwa kichwa nikiwa kijana. Kila moja lilichongwa kwa mkono.» Hapo hatukucheka tena.

Ukweli ni huu: jiwe linakunywa rangi. Ukuta wa mbao unaweza kukwanguliwa, lakini rangi iliyoingia katika vitundu vya jiwe haitoki yote, hata ukisugua wiki nzima. Kwa hiyo swali la mzee ndilo swali la kwanza la kazi hii. Mbele ya kufungua kopo, kujiuliza kama tunataka kweli kitu ambacho hatutaweza kukirudisha. Na kama nyumba si yetu, kuomba ruhusa kwa mwenyewe.

Basi tukapatana kujaribu kwanza kwenye pembe moja, chini, mahali pasipoonekana. Tukapaka palepale juu ya weusi, bila kuosha. Ilipendeza sana. Nyuma ya siku tatu, madoa ya rangi ya chai yakatokea juu ya ule weupe. Kosa lilikuwa letu. Kutoka hapo tukaanza kujifunza kwa utaratibu, na haya ndiyo tuliyojifunza.

1. Kutafuta maji mbele ya kutafuta rangi

Tazameni mawe vizuri. Mukiona unga mweupe sawa chumvi, fahamuni kwamba ukuta unakunywa maji. Maji yanapita ndani ya jiwe, yanayeyusha chumvi, yanapokauka yanaiacha nje. Mara nyingi yanaingia pale juu, mahali bomba la moshi linapotoka katika paa. Kutengeneza hapo kwanza. Rangi ikifunika jiwe lenye maji, itavimba na kubanduka.

2. Kuosha

Moto uzimwe, na mawe yapoe kabisa. Kutandika magazeti chini na kufunga kitambaa puani, kwa maana masizi si kitu cha kuvuta. Kusugua kwanza na brosi kavu, kisha na maji ya moto kidogo na sabuni, kisha kusuuza na maji safi mara mbili ao tatu. Masizi yana mafuta ndani yake, ndiyo maana madoa yanapita katika rangi. Brosi ya chuma inakwaruza jiwe laini, basi hapana kuitumia hapo. Nyuma ya kuosha, kungoja angalau siku mbili mawe yakauke, na wakati wa mvua kuongeza siku.

3. Kuchagua rangi

Shemine iko na sehemu mbili, na wengi wanazichanganya. Sehemu ya nje ni ile inayotazama saloni. Hiyo inaweza kupakwa rangi ya maji ya kawaida, lakini kwanza kutia rangi ya chini, ile inayozuia madoa. Sehemu ya ndani ni pale kuni zinapowaka. Hapo rangi ya kawaida ni hatari: inaungua na kutoa moshi mbaya. Ndani inakubali paka rangi iliyotengenezwa ju ya moto mkali, ile inayoandikwa kwenye kopo kwamba inavumilia karibu digri 650. Kama haipatikani, kuacha ndani jinsi palivyo.

4. Njia ya chokaa

Rangi ya kopo ina bei. Chokaa ni njia ya wazee, na ni somo zuri la kemia. Jiwe la chokaa ni CaCO3. Likichomwa karibu digri 900, hewa ya CO2 inatoka, inabaki CaO. Ukitia maji, linachemka lenyewe na kuwa Ca(OH)2. Ukilipaka ukutani, linavuta tena CO2 katika hewa, linarudi kuwa CaCO3. Ni kusema, tunapaka maji meupe, na polepole yanageuka kuwa jiwe.

Uzuri wake ni kwamba chokaa inaacha ukuta upumue: unyevu unatoka bila kubandua kitu. Kuichanganya iwe nyepesi sawa maziwa, kulowanisha jiwe kidogo, kupaka nyembamba, kungoja siku moja, kurudia mara tatu ao nne. Mkono wa kwanza utaona hauonekani. Usivunjike moyo, weupe unakuja ikikauka. Lakini angalieni: chokaa inachoma ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Ikiingia, kuosha na maji mengi palepale na kwenda kwa muganga. Tena, jiwe gumu lisilo na vitundu haliishiki vizuri. Ndugu zetu wa Goma, wanaojenga na mawe ya moto wa Nyiragongo, ule mlima uliotapika mwaka 1977, 2002 na 2021, wajaribu kwanza juu ya jiwe moja.

5. Rangi ya zamani

Mukikuta shemine imekwisha kupakwa zamani, hapana kuikwangua ikiwa kavu. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi ndani yake. Tangu mwaka 1921 kulikuwa na mapatano ya kazi ya mataifa yaliyokataza rangi nyeupe ya risasi ndani ya nyumba, lakini nchi nyingi zilikawia kuitupa. Vumbi lake linaharibu akili ya watoto wadogo. Kulowanisha, kufuta na kitambaa, na watoto wakae mbali.

6. Nyeupe ao nyeusi?

Mtu mmoja aliyezaliwa Marekani mwaka 1753, Benjamin Thompson, aliyeitwa baadaye Count Rumford, aliandika juu ya shemine mwaka 1796. Aliona kwamba shemine za wakati wake zilikuwa na kinywa kikubwa mno: joto lilipanda na moshi, watu wakabaki na baridi. Akapunguza kina, akalaza kuta za pembeni zitazame chumba, akabana koo la bomba. Na kwa rangi alichagua nyeupe, kwa maana nyeupe inarudisha mwangaza na joto, nyeusi inayameza. Kwa saloni yenye giza, shauri hilo linafaa.

7. Neno la uzima

Hili tunaliomba mulishike kuliko yote. Kazi ikiisha, mtu mwenye haraka anasema: Tulete mbabula, tufunge madirisha, rangi ikauke. Hapana! Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya CO. Haina harufu, haina rangi. Mtu anaumwa kichwa, anasikia usingizi, analala, haamki. Rangi ikauke kwa hewa, madirisha wazi. Na mbele ya kuwasha shemine yenyewe, kutazama kama bomba halikuzibwa na viota vya ndege ao masizi. Shemine nzuri yenye bomba lililozibwa ni kaburi lililopakwa rangi.

Mwisho wa kazi yetu

Tulipoosha mawe yote, jambo moja likatushangaza. Chini ya weusi kulikuwa jiwe la kijivu, safi, lenye alama za patasi. Nusu ya haja yetu ya rangi iliisha pale pale. Tukapatana: sehemu ya juu, ambako watu waliwahi kusiliba sima vibaya, tukaipaka chokaa mara nne. Mawe ya chini tukayaacha. Saloni sasa iko na mwangaza. Mzee alipoingia, hakusema mengi. Alipitisha mkono juu ya jiwe moja, akasema: «Hili ndilo lilinipasua kidole.»

Haraka haraka haina baraka. Tulikuwa tunaijua hiyo methali kwa mdomo, sasa tunaijua kwa mikono.

Maswali ya kujaribu
1. Kwa nini madoa yalitokea juu ya rangi nyeupe nyuma ya siku tatu?
2. Andika mabadiliko ya chokaa tangu kuchomwa mpaka kukauka ukutani.
3. Nyumbani kwenu kuna kitu gani cha zamani ambacho kingeoshwa kwanza, mbele ya kufunikwa?