KUUNGA TIYO ZA MAJI MACHAFU ZISIZOLINGANA



Katika salongo inayokuja tutaunga maji ya dushi mbili za internati na ile tiyo kubwa ya vyoo inayoshuka kwenye fosi septike. Vipande havijanunuliwa bado. Ni muzuri kila mutu ajue namna vinachaguliwa, kwa sababu franga ni za wazazi wetu, na tena tiyo ile inapita karibu na chemchemi tunakochota maji. Ikivuja pale, hatutacheka. Huko Goma katika mwaka 1994 kolera iliua watu maelfu na maelfu kwa majuma machache tu.

Jambo la kwanza halina mjadala: maji machafu yanatoka katika tiyo ndogo na kuingia katika kubwa, hapana kinyume. Wengine wanasema, "Kipande kidogo katikati hakina neno, maji yatapita." Maji ndiyo, yatapita. Lakini nywele, mchanga na vipande vya sabuni vitasimama pale pale. Tukumbuke somo la jeometria: eneo la duara linafuata mraba wa nusu-kipenyo. Tiyo ya 50 hapana nusu ya tiyo ya 100, ni robo yake! Kwa hiyo mutu anayeweka 50 nyuma ya 100 anafunga robo tatu ya njia.

Sasa vipimo. Tiyo za pevese za maji machafu zinahesabiwa kwa milimita, kipenyo cha inje. Lavabo mara nyingi ni 32 ao 40, dushi 40 ao 50, choo 100 ao 110. Hapa kwenye choo ndipo watu wengi wanapoteza franga. Ufaransa wanatumia sana 100, inchi nyingine nyingi wanatumia 110, na katika maduka yetu zote mbili zinaweza kulala pamoja. Kwa macho zinafanana kama mapacha, lakini kipande cha moja hakiingii kwa ingine. Usimtume mutoto dukani na neno "tiyo kubwa". Zungusha uzi kwenye tiyo, pima ule uzi, kisha gawanya kwa 3,14. Ukipata uzi wa sentimeta 31,4, tiyo iko 100. Tiyo yetu ilitoa 34,5; basi iko 110.

Kipande kinachounga ndogo na kubwa kinaitwa rediksio. Ziko namna mbili: yenye tundu katikati na yenye tundu pembeni. Kwenye tiyo inayosimama wima, ile ya katikati inafaa. Kwenye tiyo inayolala tunapashwa kuchukua ya pembeni, na kuiweka tundu likiwa upande wa juu, ili migongo ya tiyo zote mbili ilingane. Hivi maji yanaanguka kidogo yakiingia katika kubwa, na hewa inapita juu yake. Ukigeuza tundu chini, siku tiyo kubwa inajaa kidogo, maji yake yanarudi moja kwa moja katika ndogo na kuacha uchafu ndani.

Kuna mafundi wanaochoma mwisho wa tiyo kwa moto ili upanuke. Mimi sikubali. Ukuta wa tiyo unakuwa mwembamba, duara linapotoka, na pevese ikiungua inatoa moshi mubaya sana kwa mapafu. Na kole ya pevese inashika pevese peke yake. Kwa chuma cha zamani tunatafuta kiungo cha mpira. Tiyo nyeusi ya polietileni haishiki kole hata kidogo.

Tusitumie te ya kona kamili kwenye tiyo inayolala. Maji yanagonga ukuta wa ngambo na kurudi. Tuchukue kipande cha umbo la Y, digrii 45, kinachoitwa kilote, maana kinafanana na suruali (musicheke), mkono wake ukifuata mwendo wa maji.

Basi, ya kununua ni hii: kilote moja ya 110, rediksio moja ya 110 kwa 50 yenye tundu pembeni, kole, karatasi ya msasa, na mansho moja ya 110 yenye kuteleza. Hiyo ya mwisho musiisahau. Tiyo ya zamani iko tayari ndani ya udongo, haisogei. Tukishakata, bila mansho inayoteleza hatutaweza kuingiza kilote.

Toka dushi mpaka tiyo kubwa ni mita 6. Kwa mteremko wa sentimeta 2 kila mita, mwisho wa mufereji utashuka sentimeta 12 chini ya mwanzo. Kole ikikauka tumwange ndoo kadhaa, tuangalie kila kiungo kwa mkono mukavu, kisha ndipo udongo urudishwe.