Jenereta ya mtumba ikichemsha

Jenereta ya dizeli iliyofanyiwa ukarabati ikianza kuchemsha, mafundi wengi hukimbilia kung'oa thamostati. Usiwaruhusu. Kwenye injini nyingi thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji; ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na joto laweza hata kuzidi. Ukiishuku, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto. Nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na namba yenyewe kwa kawaida imegongwa juu yake.

Hewa ndiyo ya kuanza nayo. Tenganisha betri kwanza, maana jenereta inayojiwasha umeme ukikatika haiulizi mkono wa nani uko kwenye feni. Feni ya jenereta, tofauti na ya gari, kwa kawaida husukuma hewa kutoka kwenye injini kwenda nje kupitia rejeta. Kwa hiyo vumbi lililochanganyika na oili hunasa upande wa ndani usioonekana, huku upande wa nje ukimeremeta kwa rangi mpya ya muuzaji. Fungua kava la feni, paka sabuni ya kukata mafuta, kisha piga maji kutoka nje kuelekea ndani, kwa presha ndogo ili mapezi yasilale. Hakikisha pia feni haikurudishwa kinyumenyume: bado itapuliza upande uleule, ila kwa unyonge.

Halafu chumba. Ikiwa hewa inayoingia kwenye injini ni ya moto kuliko ya uani, rejeta inavuta joto lake yenyewe. Fundi wa mabati akutengenezee njia ya kulitoa nje ya ukuta.

Kifuniko cha rejeta badilisha tu, ni cha bei ndogo. Nairobi maji huchemka karibu na nyuzi 94, hivyo kifuniko kisichoshika presha huumiza zaidi kuliko Mombasa. Usikifungue injini ikiwa moto.

Mapovu yakiendelea kutoka kwenye rejeta tangu injini ikiwa baridi, shuku gasketi ya silinda hedi. Na kama maji yako sawa lakini altaneta inanuka vanishi, pima ampea za kila fezi. Mara nyingi utakuta fezi moja imebebeshwa karibu mzigo wote wa jengo.