Wakili Kabla ya Taarifa ya Kwanza

Mdogo wangu aliitwa kituo cha polisi Ijumaa, saa tisa alasiri. Mzigo ulikuwa umepotea katika ghala alilofanyia kazi, huku Changamwe, Mombasa, na aliyempigia simu alimwambia aende "kuandikisha taarifa tu". Mimi ndiye niliyemwambia aende peke yake. Nilidhani akiingia na wakili ataonekana ana la kuficha. Magharibi ilimkuta seli, na faili tayari lina kurasa nne zenye saini yake.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 hakisubiri mashtaka. Ukikamatwa tu, una haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, na kuwasiliana na wakili. Ila mdogo wangu alipoanza kujibu maswali hakuwa amekamatwa. Alikuwa akiitwa shahidi. Shahidi wa saa tisa anaweza kuwa mshukiwa wa saa kumi na mbili, na maneno aliyoyasema yanabaki yale yale. Yeye alisema kwa Kiswahili kwamba wiki ile alikuwa ameachiwa ufunguo. Karatasini, kwa Kiingereza, ikasomeka kana kwamba ufunguo hukaa kwake siku zote. Alitia saini kwa sababu alikuwa amechoka.

Basi ukipigiwa simu, omba kwa adabu wito wa maandishi. Uliza jina la afisa, nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), unahojiwa kuhusu nini, na kama shahidi au mshukiwa. Usiupuuze wito, maana kutokwenda bila sababu ya haki ni kosa. Mwachie wakili azungumze na afisa wapatane siku. Mdogo wangu alipoitwa mara ya pili, baada ya kuachiliwa, wakili wetu aliomba Jumanne asubuhi, akakubaliwa. Siku ina maana kubwa: polisi wanatakiwa kukufikisha mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, unasubiri siku ya kazi inayofuata. Wa Ijumaa alasiri hulala ndani hadi Jumatatu. Mama hakula siku mbili hizo.

Kumpata wakili mwenyewe, usikimbilie anayejinadi mlangoni kwamba "ana mtu wake ndani". Tafuta jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya uone kama cheti chake cha mwaka huu kipo. Kisha mwandikiane: malipo haya ni ya kuongozana kituoni peke yake, au yanafika hadi mahakamani? Sisi hatukuuliza, tukalipa mara mbili. Asiye na uwezo aende shirika la Kituo Cha Sheria, ambalo lina ofisi Mombasa, au Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

Wakili alikaa na mdogo wangu kwa karibu saa mbili kabla ya kwenda kituoni Jumanne ile, wakapitia ratiba ya zamu siku baada ya siku. Katika chumba cha mahojiano hakumjibia hata swali moja. Alimzuia asikisie, akataka taarifa isomwe tena kwa Kiswahili, na palipokosewa pakasahihishwa kabla ya saini. Baadaye alimwandikia Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akifafanua lile jambo la ufunguo, kwa kuwa ni ofisi hiyo, si kituo, inayoamua kama mtu atashtakiwa. Mdogo wangu hakushtakiwa.

Jambo moja nililoliona dogo: nambari ya wakili iandikwe kwenye karatasi, na nyingine abaki nayo mtu wa nyumbani. Simu huachwa kaunta. Ijumaa ile, nambari pekee aliyoikumbuka mdogo wangu kwa kichwa ilikuwa ya mama, na simu ya mama ilikuwa imeisha chaji.