Madigadi za Baiskeli na Maji ya Barabarani

Wakati wa masika barabara nyingi za udongo hujaa madimbwi na matope. Bila shaka umewahi kumwona mtu aliyepanda baiskeli isiyo na madigadi siku ya mvua. Anaposhuka, utaona mstari wa matope mgongoni mwake, kuanzia kiunoni hadi mabegani. Mvua hunyesha kutoka juu, lakini matope yako chini. Je, yamepandaje mpaka mgongoni?

Katika somo hili tutatafuta jibu la swali hilo. Kisha tutaona jinsi madigadi inavyofanya kazi, na kwa nini baiskeli inayobeba watu wawili huihitaji zaidi.

Jaribio: Mwavuli uliolowa

Vifaa: mwavuli mmoja, maji katika ndoo, na kiwanja kikavu chenye vumbi.

1. Fungua mwavuli, kisha umwagie maji mpaka ulowe wote.
2. Ushike wima, uzungushe mpini wake polepole. Matone hudondoka wapi?
3. Lowesha mwavuli tena. Sasa uzungushe kwa kasi. Matone hudondoka wapi safari hii?
4. Mwambie mwenzako asimame hatua chache kando yako, atazame matone yanavyotoka ukingoni.

Mlipouzungusha mwavuli polepole, matone yalidondoka karibu na ukingo wake. Mlipouzungusha kwa kasi, yaliruka mbali. Tena, matone hayakuendelea kuzunguka pamoja na mwavuli. Kila tone lilipoachana na ukingo, lilikwenda upande ule ule ambao ukingo ulikuwa ukielekea wakati huo.

Kwa nini matone huruka?

Kitu kinachokwenda huendelea kwenda kwa mstari ulionyooka, ila kikisukumwa au kuvutwa na nguvu nyingine. Kanuni hii ilielezwa na mtaalamu wa Uingereza, Isaac Newton, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1687.

Maji hunata kidogo kwenye tairi. Gurudumu likizunguka polepole, mnato huo hutosha kuyashika maji yazunguke pamoja na tairi. Gurudumu likizunguka kwa kasi, mnato hautoshi tena. Hapo maji huachana na tairi na kufuata mstari ulionyooka. Gurudumu kubwa la baiskeli za kawaida lina kipenyo cha sentimita 70 hivi. Baiskeli ikienda kilometa 15 kwa saa, gurudumu hilo huzunguka karibu mara mbili katika kila sekunde. Kasi hiyo yatosha kabisa kuyarusha maji.

Sasa fikiri juu ya gurudumu la nyuma. Tairi huchota maji chini, kisha huyapandisha kwa upande wa nyuma. Yanapokaribia juu, hurushwa kwenda juu na mbele. Na huko mbele kuna nini? Kuna mgongo wa mpandaji! Gurudumu la mbele nalo hurusha maji mengine kwenye miguu yake, kwenye pedali na kwenye mnyororo.

Kazi ya madigadi

Madigadi ni kipande cha bati au plastiki kilichopindwa kufuata mviringo wa gurudumu. Haizuii tairi kuchota maji. Kazi yake ni kusimama katika njia ya matone yanayoruka. Matone huigonga, hupoteza mwendo, kisha huteremka na kudondoka barabarani.

Kwa sababu hiyo madigadi fupi haifai sana. Ile ya mbele yapaswa kuteremka chini sana upande wa nyuma wa gurudumu. Mafundi wengi huongeza hapo kipande cha mpira kilichokatwa katika tairi kuukuu. Mpira huo huzuia maji yenye mchanga yasifike kwenye mnyororo. Mchanga husugua chuma, na mnyororo huchakaa upesi.

Baiskeli ya watu wawili

Ziko baiskeli ndefu zenye viti viwili na jozi mbili za pedali. Aliye mbele hushika usukani. Wote wawili hukanyaga pedali. Katika Michezo ya Paralimpiki, wanariadha wasioona hushindana kwa baiskeli za namna hii: asiyeona huketi nyuma, na mwenzake anayeona huongoza mbele.

Watu wawili huchangia nguvu, lakini upepo humkabili hasa yule aliye mbele. Kwa hiyo, kwenye barabara tambarare, baiskeli hii huweza kwenda kasi kuliko ya mtu mmoja. Kasi ikizidi, maji nayo hurushwa kwa nguvu zaidi.

Je, nani hulowa? Gurudumu la nyuma liko karibu na kiti cha nyuma. Kwa hiyo, pasipo na madigadi, aliye nyuma ndiye anayepata matope mgongoni, ingawa si yeye aliyechagua kupita dimbwini, na pengine hakuliona. Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto anayepakiwa kwenye keria akienda shuleni na mkoba wa madaftari mgongoni. Mwenye usukani hana budi kumfikiria mwenzake.

Kuitunza madigadi

Madigadi iliyolegea ni hatari. Kijiti kikinaswa kati yake na gurudumu la mbele, gurudumu laweza kusimama ghafula na wapandaji wakarushwa mbele. Kaza nati zote. Acha nafasi ya upana wa kidole kati ya madigadi na tairi.

Penye udongo wa mfinyanzi, matope hunata na kujaza nafasi hiyo mpaka gurudumu likashindwa kuzunguka. Ndiyo maana watu wengine huing'oa madigadi. Ni afadhali kushuka na kuyatoa matope kwa kijiti. Usiyatoe kwa mkono wala kwa mguu wakati baiskeli inakwenda.

Kumbuka pia kwamba madigadi haizikaushi breki. Breki zilizolowa hushika kidogo, na baiskeli yenye watu wawili ni nzito. Punguza mwendo mapema.

Maswali

1. Kwa nini matone huruka mbali mwavuli unapozungushwa kwa kasi?
2. Gurudumu la nyuma hurusha maji upande gani?
3. Eleza kazi ya kipande cha mpira kwenye madigadi ya mbele.
4. Katika baiskeli isiyo na madigadi, kwa nini aliye nyuma hupata matope mengi mgongoni?
5. Chunguza baiskeli moja nyumbani au kijijini. Je, madigadi zake zimekazwa? Nafasi kati ya madigadi na tairi ni sentimita ngapi? Andika uliyoyaona katika daftari lako.