Udongo wa juu unadanganya

Ndugu mfanyakazi, kiwanja kikavu chaonekana kigumu. Chini yake huenda kuna udongo uliotupwa kutoka mashimo ya madini, nao haujashikamana. Ukijenga hapo, ukuta utapasuka.

Mafundi hupima hivi. Hutoboa shimo, wakateremsha fito ya chuma yenye bomba mwishoni, kisha wakaipiga kwa nyundo ya kilo 63 na nusu inayoanguka sentimita 76. Sentimita 15 za kwanza hazihesabiwi, kwa kuwa kutoboa kumekwisha kuvuruga udongo ule. Wanahesabu mapigo ya sentimita 30 zinazofuata. Yakiwa chini ya 4, udongo ni laini mno. Fito ikigoma ghafula, wasifurahi: labda ni jiwe moja tu. Wasogee, wapime tena.

Lakini, baba na mama wa Rubaya, hesabu hiyo haisemi kama mlima utaporomoka. Septemba 2022, hapo jirani Bihambwe, mlima ulifukia watu waliokuwa chini yake. Mvua ikinyesha, ukaona ufa mpya juu ya nyumba au maji yakibubujika palipokuwa pakavu, ondoa watoto usiku huohuo.